Mama Usiguse na Flashi Iliyogoma

Wifi yangu alifuta harusi yangu. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani namsifia bure kwa kuwa ameolewa na kaka yangu. Miaka tisa iliyopita nilivaa gauni nililolishona mwenyewe kwa wiki saba, nikapigwa picha mia nne na ushee, na siku tatu baadaye yeye akazifuta zote kwa kidole chake, akiwa amekaa raha mustarehe kwenye kiti, tena akiimba. Kama mashahidi wasingekuwa hai, hata mume wangu angekuwa na haki ya kuuliza kama kweli tulioana.

Ni fundi wa kompyuta. Mtaani wanamwita Mama Usiguse, na wengi hawajui kama ana jina lingine. Chumba chetu cha kazi ni kimoja na mlango wake ni mmoja. Upande wa kushoto niko mimi na cherehani yangu, meza ya kukatia na vitambaa vya watu. Upande wa kulia yuko yeye na kompyuta mbili, printa yenye kikohozi, na makopo ya skrubu ambayo haruhusiwi mtu kuyachungulia. Katikati tulitundika pazia, lakini halijawahi kufungwa, kwa sababu mimi na yeye hatuwezi kukaa dakika kumi bila kujibizana.

Hakuzaliwa fundi. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wakili mmoja mzee, na wakili alipostaafu alimwachia kompyuta mbili zilizokufa, iwe shukrani kwa miaka kumi na miwili ya kumwandikia barua zake. Alizileta nyumbani kwenye mkokoteni. Kaka yangu alicheka mpaka akakaa chini. "Mke wangu, wenzako wanapewa saa ya ukutani, wewe umepewa maiti mbili!" Wifi alizifungulia kwenye meza ya jikoni kwa kisu cha mboga na kile kijembe changu cha kufumulia mishono, ambacho hadi leo hajakirudisha. Wiki ya tano moja ikawaka. Alipiga vigelegele peke yake jikoni, na maharage yakaungua.

Basi, turudi kwenye harusi, maana donda hili nalijua mwenyewe. Mpiga picha wangu alikuwa na kadi mbili za kamera zinazofanana kama mapacha. Alipomaliza kazi ya kwangu akasukuma chini kale kakitufe kadogo kalichoko ubavuni mwa kadi, kanakoizuia isiandikwe wala kufutwa, ili picha zangu zikae salama. Hapo alifanya la maana. La kipumbavu alilifanya siku tatu baadaye, alipoichukua kadi hiyohiyo akidhani ni ile ya pili, akampelekea wifi yangu na kumwambia, "Fundi, kadi imegoma. Haikubali kufutwa. Jumamosi nina harusi nyingine, nisafishie."

Wifi alikuwa mgeni kazini, na mgeni kazini ana kiherehere. Akaigeuza kadi, akakiona kile kitufe, akakisukuma juu kwa ukucha, akafurahi kama daktari aliyemwinua mgonjwa. Kisha akaifomati, maana yake akaifuta yote ikabaki tupu kama sahani iliyooshwa. Hakuuliza ni ya nani wala hakuchungulia ndani. Jioni mpiga picha akaja amebadilika rangi.

Mpiga picha alihama mtaa mwezi huohuo. Wifi yangu hakuwa na pa kuhamia, nilimwona asubuhi, mchana na jioni, kwa hiyo hasira yote akairithi yeye. Alinililia, nikamwambia nimesamehe. Nilikuwa nimesamehe kwa mdomo. Kila tukigombana, hata kama ugomvi ni wa ufagio, mimi nilijua pa kumgusa: "Ndiyo maana ulinifutia harusi!" Naye huinamia skrubu zake. Kwa miaka tisa hilo lilikuwa rungu langu, na sikuwa na mpango wa kuliweka chini.

Lakini haki nimpe. Kosa lile lilimfunza kazi. Kesho yake alichukua boksi, akalikata, akaandika kwa herufi kubwa USIGUSE, ULIZA KWANZA, akalitundika juu ya meza yake. Tangu siku hiyo, mtu akileta kitu kilichogoma kuandikwa, haanzi na kukifungua. Anaanza na mtu. Ni ya nani? Nani aliichomeka mara ya mwisho, na wapi? Ndani kuna nini? Nakala nyingine iko wapi? Wateja hulalamika kwamba wamekuja kwa fundi wakajikuta polisi. Yeye hajali.

Mara nyingi ugonjwa huwa mdogo. Msusi wa mtaa wa pili alileta kadi ya kumbukumbu ya simu aliyoitia kwenye ganda lake la plastiki, inakataa picha mpya. Kitufe cha ganda kilikuwa kimelegea, kila ukiisukuma ndani kinateleza chini chenyewe. Wifi akakibana kwa kipande cha utepe wa gundi, msusi akaondoka anacheza. Karani wa chama cha wafugaji alikuja anatoka jasho kwamba flashi yake, kile kijiti cha kuhifadhia mafaili, imelogwa. Ilikuwa imejaa, basi. Mwingine flashi ilikuwa nzima, ila faili lenyewe ndilo lililowekewa alama ya kusomwa tu, na aliyeliwekea alama hiyo alikuwa yeye mwenyewe. Wifi humaliza yote hayo kwa utaratibu uleule: anatazama ubavuni kama kuna kitufe, anabadilisha tundu, anabadilisha kompyuta, anaangalia nafasi, anatafuta virusi. Na kabla ya kutengeneza chochote, ananakili kilichomo.

Jambo moja tu alilizidisha. Hafuti. Nakala ya mteja wa mwaka jana ipo, ya mwaka juzi ipo, na barua ya mtu aliyeomba kazi akaipata, akastaafu, nayo ipo. Kompyuta zake zimejaa mpaka shingoni. Nikimwambia apunguze, hunitazama kwa macho ya mtu aliyeumwa na nyoka.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa Alhamisi, saa sita mchana. Nilikuwa napiga pindo la suruali alipoingia Mwalimu.

Mwalimu anafundisha shule ya watoto viziwi iliyo nyuma ya tangi la maji, na mimi ndiye ninayewashonea wale watoto sare. Yeye mwenyewe aliacha kusikia akiwa na miaka sita, baada ya homa. Hutembea na daftari na kalamu ya kamba shingoni, na mwandiko wake ni mzuri hata ukimwandikia kwa mwandiko wako unaona haya. Siku hiyo mwandiko ulikuwa umepinda. Aliweka flashi ndogo nyeusi mbele ya wifi, akafungua daftari:

*Haikubali tena. Nyumbani narekebisha mchoro, nahifadhi, kesho yake kosa limerudi palepale. Shuleni kompyuta inasema imezuiwa kuandikwa.*

Wifi akavuta daftari. *Ndani kuna nini?*

*Kitabu.*

Kilikuwa kitabu cha lugha ya alama kwa watoto wanaoanza shule. Kila neno na mchoro wake: mikono inavyokaa, vidole vinavyokunjwa, uso unavyokuwa. Michoro elfu moja mia tatu na arobaini. Alikuwa ameichora kwa miaka kumi na moja. Ile ya mwanzo aliichora kwenye karatasi, paa la stoo likavuja, karatasi zikawa uji, akaanza upya kwenye kompyuta. Mchapishaji alikuwa anaisubiri kesho saa nne asubuhi, ikiwa na marekebisho ya michoro thelathini na mmoja. Ikichelewa, mashine inapewa kitabu kingine, na cha Mwalimu kinasubiri mwaka mwingine, na watoto wa mwaka huo wanaanza shule mikono mitupu.

*Nakala nyingine iko wapi?* wifi akaandika.

Mwalimu akatazama dari. Nikaacha kushona.

Hakukuwa na nakala. Na hapo ndipo palipokuwa na kosa lake, kosa la mtu mwangalifu. Kompyuta za shule husafishwa kila mwisho wa muhula na karani ambaye akiona faili asilolijua analifuta, kwa hiyo Mwalimu aliapa kutoweka kitu ndani ya kompyuta yoyote, hata ya nyumbani. Alifanya kazi humohumo ndani ya flashi. Kila mstari aliochora, kila kidole alichokinyoosha, aliuhifadhi moja kwa moja ndani ya flashi ile, mara mia kwa siku, miaka sita mfululizo. Kila apatapo nafasi anaichomoa anaitia mfukoni, akijua kitabu chake kiko salama pajani.

Wifi akasoma, akapumua kwa nguvu, akaandika swali lake la mwisho, lile asiloliruka kamwe: *Umegusa chochote kabla ya kuja kwangu?*

*Hapana,* Mwalimu akaandika haraka, akaiachia kalamu ikaning'inia.

Wifi akaanza. Ubavuni hakuna kitufe. Akajaribu tundu la mbele, tundu la nyuma, kisha akaihamishia kompyuta ya zamani, ile aliyoifufua jikoni. Virusi hakuna, na nafasi ipo tele. Akafungua mchoro mmoja, ukafunguka, mikono miwili mizuri imeshikana. Akanigeukia.

"Imechoka, wifi. Flashi ina idadi yake ya kuandikwa, ikifika mwisho nyingine hujifunga. Inasomeka, ila haiandikiki. Ni kama inasema, kilichomo nitawapa, kipya sipokei."

"Si afadhali?"

"Afadhali kwa leo. Ikishafika hapo inaweza kuzima kabisa wakati wowote. Tunatoa vyote sasa hivi." Akaangalia kompyuta yake, akajishika kichwa. "Na mimi sina nafasi!"

Nilitaka kusema nilikwambia. Nilisema. Akaniambia ninyamaze.

Diski yake kubwa ya kuhifadhia nakala ilikuwa nyumbani kwake, mwendo wa dakika kumi kwenda na kumi kurudi. Flashi akaiacha palepale kwenye kompyuta ya zamani, kwa hofu kwamba akiichomoa huenda isiamke tena. Akamwandikia Mwalimu asubiri, akachukua mtandio, na mlangoni akanigeukia. "Wifi, tafadhali. Usiguse."

"Mimi si mtoto," nikamjibu. Tazama jinsi mtu anavyojichongea mwenyewe.

Mwalimu alikaa kwenye ngazi ya nje na kikombe cha chai, mgongo kwetu. Dakika tano hazijaisha akaingia dereva wa lori, mteja wetu wa siku nyingi, lori amelisimamisha barabarani na breki inapiga miluzi.

"Dada, Mama Usiguse yuko wapi? Flashi yangu imejaa nyimbo za zamani. Nifutie zote niweke mpya nikifika mbele."

"Hayupo."

"Sasa wewe huwezi? Miaka yote unakaa humu!"

Maneno hayo yaliniingia. Kweli, miaka yote nakaa humu. Nimeona akifuta mara ngapi, nimeona kitufe kipi hubonyezwa. Nikaichukua flashi ya dereva, nikaichomeka tundu la pili la ileile kompyuta ya zamani, kwa sababu ile nyingine ilikuwa inaprinti. Skrini ikaonyesha flashi mbili, hazina majina, zina herufi tu. Nikachagua. Nikabonyeza kitufe cha kulia, nikaona neno la fomati, nikabonyeza. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika. Sijawahi kuwa na uhakika kama niliokuwa nao dakika ile.

Ikamaliza upesi. Nikafungua kuhakiki, na nyimbo za dereva zote zikawa zimekaa palepale, hata moja haijasogea.

Nikafungua ile nyingine. Tupu.

Nilipiga kelele. "Mama yangu! Mama yangu nimekwisha!" Dereva akaruka nyuma. Watu wawili waliokuwa wanapita wakageuka. Mwalimu hakugeuka. Alikuwa amekaa kwenye ngazi na chai yake, mabega yametulia, mgongo wake umeninyookea, na mimi nyuma yake namlilia bila yeye kujua. Sijawahi kuona mgongo wa mtu ukiniuma namna ile. Miaka kumi na moja. Michoro elfu moja mia tatu na arobaini. Na nimebonyeza mara mbili tu.

Dereva alichomoa flashi yake na nyimbo zake za zamani, akaniambia, "Dada, pole," akatoka akipita mbali na Mwalimu, anatembea kwa ncha za vidole, utadhani Mwalimu atamsikia.

Nilibaki nimesimama. Nilitaka kukimbia. Nilifikiria kweli kupita mlango wa uani na kwenda kwa mama mkwe wangu kukaa huko hata mwezi. Kisha nikafikiria jambo baya zaidi, na naliandika hapa kwa aibu: ningeweza kusema flashi imejifia yenyewe. Si wifi alishasema inaweza kuzima wakati wowote? Nani angejua? Nikatazama kile kipande cha boksi ukutani, nikakaa kwenye kiti cha wateja kumsubiri.

Wifi akaingia anahema, diski kubwa na nyingine ndogo mpya mkononi.

"Nimeifuta," nikasema.

"Umefuta nini?"

"Ya Mwalimu. Nilidhani ni ya dereva. Wifi, nimeifomati yote. Iko tupu."

Hapa inabidi nieleze jinsi alivyonitazama, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nasubiri neno moja, lile la harusi iliyofutwa, nililolichonga mimi mwenyewe kwa miaka tisa. Kama angelisema ningelipokea kwa mikono miwili. Hakulisema. Aliweka diski mezani taratibu, akavua mtandio, akakaa.

"Ulitumia kompyuta hii?"

"Hiyohiyo."

"Ilikupa ujumbe wowote wa kukataa?"

"Haikukataa chochote. Ilisema imemaliza."

"Baada ya hapo umeweka kitu ndani? Umenakili chochote?"

"Sijagusa tena. Naogopa hata kuitazama."

Akasugua kidevu. Kisha nikaona mdomo wake unacheza, kama mtu anayepiga hesabu.

"Wifi," akasema polepole, "kufuta ni kuandika."

"Sielewi."

"Kompyuta ikifuta, inaandika. Inaandika kwamba hapa hamna kitu. Na flashi hii haikubali kuandikwa. Mwalimu amejaribu nyumbani kwake, haikubali, akajaribu shuleni, haikubali. Kwa nini ikukubalie wewe? Wewe una nini?"

"Lakini iko tupu! Tazama!"

"Ninachokiona ni inachoniambia kompyuta. Na kompyuta hii ni kizee cha heshima mno. Ukiituma kitu inasema ndiyo, ndiyo, nimeshafanya, kumbe imeandika pembeni kwenye kumbukumbu yake, flashi yenyewe haijapokea. Ndivyo anavyofanyiwa Mwalimu nyumbani. Anahifadhi, anaambiwa tayari, kesho yake kosa limerudi." Akashika flashi kwa vidole viwili. "Ila lazima niichomoe. Na ikikataa kuamka, basi tena."

"Usiichomoe!"

"Sasa tufanye nini, tuitazame hivyo mpaka Krismasi?"

Akaichomoa. Akaifuta vumbi kwa pindo la blauzi yake, akapuliza, akasubiri. Akaivusha hadi ile kompyuta nyingine, akaichomeka. Taa yake ndogo haikuwaka. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Nilifika tisa. Nakumbuka nilikuwa nimeuma kitambaa cha suruali ya mteja kama mtu anayejifungua.

Taa ikawaka.

Orodha ikaanza kushuka kwenye skrini. Amka. Andika. Asante. Baba. Chakula. Dada. Ikashuka, ikashuka, haina mwisho, na chini kabisa pale penye tarakimu ikasimama: elfu moja mia tatu na arobaini. Hakuna hata kidole kilichopungua.

Nilikaa sakafuni. Nililia kwa sauti, machozi ya raha na ya hofu pamoja. Wifi akanipigapiga mgongoni kwa mkono mmoja, mkono wa pili tayari unanakili.

"Nyamaza, unanilowanishia nyaya," akasema. Sauti yake nayo ilikuwa imelowa.

Michoro ilinakiliwa kwa saa mbili unusu. Flashi ilikuwa inakwenda, inasimama, inajifikiria, inakwenda tena, nasi tunasimama nayo na kwenda nayo. Mwalimu alirudi ndani, akavuta kiti, akawa anatazama ule mstari wa kijani unavyojaa. Mstari ukisimama anakunja ngumi, ukisogea anakunjua. Hakujua hata nusu ya habari. Saa tisa kasoro diski kubwa ilikuwa na vyote, na diski ndogo mpya ilikuwa na vyote. Wifi akampisha kiti.

Mwalimu alifungua mchoro wa neno *subiri*. Kidole gumba kilikuwa kimekaa upande usio wake. Akakifuta, akakichora upya, akahifadhi ndani ya ile diski ndogo. Wifi akaichomoa diski, akaichomeka tena, akafungua. Kidole gumba kilikuwa mahali pake. Akaichomoa mara ya pili, akaichomeka. Kipo. Mwalimu alifunika uso kwa mikono yote miwili, na alipoiondoa alikuwa amepungua umri kwa miaka kumi.

Wifi akaninong'oneza, ingawa hakukuwa na haja ya kunong'ona: "Mwache aende na furaha yake. Hakuna kilichoharibika."

Ni ushauri mzuri. Mtu mwingine angeufuata. Mimi nilikuwa nimekaa saa mbili unusu karibu na mtu ambaye kila mstari ukisogea ananigeukia na kunitabasamia mimi pia, kana kwamba nimemsaidia. Nilishindwa. Nikachukua daftari lake, nikaandika kwa mwandiko wangu wa kushonea:

*Mwalimu, ulipokuwa unakunywa chai mimi nilifuta kitabu chako chote. Nilikosea flashi. Yako ilikataa kufutwa, ndiyo maana kipo. Si fundi, ni mimi. Naomba unisamehe.*

Akasoma. Uso wake ukasimama. Akasoma tena, kidole kikifuata maneno. Akanitazama, akaitazama ile flashi nyeusi, akanitazama tena. Kisha masikio yake yakaanza kuwa mekundu. Akashika kalamu, akaandika, akakata, akaandika tena, akatugeuzia daftari bila kututazama usoni:

*Jana shuleni kompyuta ilisema niifomati ndipo itapona. Nilibonyeza ndiyo. Ikakataa. Nikabonyeza tena. Nilibonyeza mara tatu. Fundi aliponiuliza kama nimegusa kitu, niliona aibu.*

Wifi alisoma juu ya bega langu. Nilimsikia anavuta pumzi, na nilidhani anakwenda kufoka, maana kudanganywa kwenye lile swali ni jambo asilolivumilia. Kumbe ilikuwa kicheko kinatafuta mlango. Alicheka mpaka akashika meza. Mimi nikamfuata. Mwalimu akatuangalia, akaangalia daftari lake, na naye kikamtoka. Yeye hajisikii anapocheka, kwa hiyo hajui kukipunguza. Kilikuwa kicheko kikubwa cha kujaza chumba, mpaka muuza chai akaja mlangoni na birika mkononi kuuliza kuna nini.

Tulipopata pumzi, Mwalimu alifuta macho, akaisukuma diski kubwa upande wa wifi, akaandika:

*Hii ibaki hapa kwenu. Kwangu nipo mimi.*

Wifi akasoma. Akaninyooshea kidole, akachukua kalamu, akaandika chini yake:

*Na hapa yupo huyu.*

Mwalimu akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akakubali kwa kichwa kwamba ni kweli. Wifi akaitia diski kubwa kwenye mkoba wake mwenyewe, akafunga zipu, akaukalia. Mwalimu akaitia ile ndogo mfuko wa shati, akafunga kifungo, akatoka kwenda kumaliza michoro thelathini iliyobaki. Kesho yake saa tatu na nusu alikuwa ameshafika kwa mchapishaji.